Mawe Meupe Nyuma ya Nyumba ya Tarpey

Kwa miaka mia nne na zaidi sisi watu wa Rathmorrin tuliikojolea monasteri ya Wafransisko, na hakuna aliyetahayari. Mawe yake tulijengea mabanda ya nguruwe. Dirisha lake moja lililobaki tulilitundikia bango la mnada wa farasi. Uwanja wake tuliugawana, tukajenga maduka, baa mbili na nyumba za safu, tukauita Mtaa wa Watawa, tukaona tumemaliza deni. Kisha serikali ikatangaza ruzuku kwa miji yenye historia, na wiki hiyohiyo mapenzi yakatushika. Ghafla kila mtu akawa na babu aliyemficha mtawa darini wakati watawa wakisakwa.

Hakuna aliyeshikwa na mapenzi hayo kama Majella Tarpey, mwenyekiti wa Kamati ya Monasteri, mwanamke asiyeweza kupita kioo bila kujipa pongezi. Yeye na mumewe Fintan waliendesha nyumba ya wageni katikati ya mtaa, wakiishi na mama yake Fintan, Nonie, mwenye miaka themanini na miwili. Fintan alitaka kuongeza vyumba vinne uani, kila kimoja na choo chake. Sheria inasema anayetaka kuchimba mtaa ule aajiri kwanza mtaalamu wa mambo ya kale, kwa fedha zake mwenyewe. Basi Fintan akaajiri, huku akitukana, mwanamke mmoja mpole aitwaye Orlaith Devane. Orlaith akaja na wachimbaji wawili, wakaondoa sehemu ya zege la uani.

Wiki tatu za kwanza Orlaith alitoa vitu vya kumfurahisha Majella: ukuta wa kanisa, vigae vyenye simba, na jeneza la jiwe la bwana mmoja wa zamani. Majella alipigwa picha kando ya jeneza akatokea gazetini, akitabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa yule bwana. Katibu wa Waziri akaahidi kuja Alhamisi. Siku ya Jumanne, kwenye kona ambayo Nonie alikuwa akianika nguo, majembe madogo yakakuta kitu kingine.

*

Orlaith alivua viatu vya tope mlangoni akaingia jikoni na soksi. Nonie alikuwa akikata mkate wa ngano. Fintan alikuwa mezani na ramani za fundi wake, na Majella alikuwa akisoma kwa sauti hotuba ambayo hakuna aliyemwomba aisome.

"Kuna jambo," Orlaith akasema. "Ile kona ina makaburi ya watoto wachanga. Mpaka sasa nimepata kumi na mmoja."

Majella akashusha karatasi. "Yesu na Maria! Watoto wa watawa?"

"Watawa walifukuzwa hapa zamani mno. Hawa ni wa juzi tu. Wengine miaka mia, wengine sitini hivi tu. Mmoja alizikwa kwenye sanduku la siagi. Ubao mmoja umebaki, na chapa ya kiwanda inasomeka nusu."

Kisu cha Nonie kikasimama ndani ya mkate. "Chapa gani, binti?"

"Naona kama Kilbrack."

Nonie akamaliza kukata kipande, akakiweka kwenye sahani, akafuta kisu. Marehemu mumewe, Festy, alifanya kazi kiwanda cha siagi cha Kilbrack miaka thelathini na moja.

"Polisi wamekuja wameona," Orlaith aliendelea, "na daktari wa wilaya amesema hakuna kesi. Kwa hiyo Ijumaa tunawatoa. Kila mmoja anatiwa kwenye boksi, anapewa namba, wanapelekwa ghala la makumbusho Dublin. Labda ujenzi ubadilishwe, hapo naweza kuwafunika na kuwaacha walipo. Au mtu ajitokeze aseme ni wake." Alisema maneno ya mwisho akiitazama sakafu. Alikuwa amechimba miji mingi, na alijua kwamba hajitokezi mtu.

"Ujenzi haubadilishwi," Fintan akasema. "Benki imeshakubali."

Orlaith akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuvaa viatu vyake. Nonie alingoja mlango ufungwe.

"Yule wa sanduku la siagi ni wangu," akasema.

Fintan, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, akamtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wako kivipi?"

"Nilimzaa mimi, kivipi kingine? Ni dada yako. Alikutangulia miaka minne. Alitoka ameshakufa."

Sasa sikilizeni alichosema mwanamume huyu baada ya kuambiwa kwamba alikuwa na dada. Hakuuliza alikufaje. Hakuuliza jina.

"Nani mwingine anajua?" akasema.

"Mama," Majella akadakia kwa ile sauti yake ya kuongelea na wageni wagonjwa, "huwezi kuwa na hakika. Mambo ya miaka sitini! Masanduku ya siagi yalikuwa mengi."

"Fintan, baba yako alikukataza kuweka makaa wapi?"

"Kwenye ile kona."

"Mpaka anakufa alikataa. Si makaa, si kuni, si hata baiskeli yako. Ulidhani anapenda upepo wa pale?" Akamgeukia mkwewe. "Na palikuwa na jiwe jeupe."

"Jiwe lipi, Mama?"

"Lile ulilolichukua ukaliweka kwenye maua yako ya mbele."

Bustani yake ya mbele ilikuwa imepata nafasi ya pili kwenye mashindano ya miji nadhifu, na waamuzi walilisifu jiwe lile hasa.

Watu wa umri wa Nonie hawahitaji kuelezwa jiwe jeupe ni nini, nanyi mtaelewa mara moja. Mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo hakuruhusiwa makaburi ya parokia. Ardhi ile ilibarikiwa, naye alikuwa na dhambi ya Adamu, eti roho yake imekwama limbo, si mbinguni si motoni. Baba alitafuta sanduku, akabeba koleo, akamfukia kwenye magofu ya monasteri nyuma ya nyumba za mtaa, kunakotupwa takataka, akaweka jiwe jeupe ili mwingine asije akamchimbua. Akarudi nyumbani, akanywa chai. Mama aliambiwa ainuke, kuku hawajala. Hapakuwa na msiba wala jina, na majirani walijitia hamnazo kwa adabu kubwa, kwa kuwa zamu yao ilikuwa imepita au ilikuwa njiani.

*

Jumatano Majella alimleta paroko, Padri Loughnane, akamtolea vikombe vyenye picha za maua na keki ya zabibu. Padri alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, aliyeishi Rathmorrin miaka ishirini bila kumkosea tajiri yeyote.

"Nonie wangu," akasema, "ungekuja kwangu mapema. Umebeba mzigo bure. Siku hizi Kanisa linatuambia tuwakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu. Na hiyo limbo, kwa kweli, haikuwa kamwe mafundisho rasmi. Yalikuwa maoni tu."

"Maoni?"

"Maoni ya wanateolojia."

"Padri Gilhooly, paroko wa siku zile, alikuja kunipa maoni hayo nikiwa kitandani, damu haijakauka. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akamwambia Festy, usimlete kwenye makaburi yangu. Leo ndiyo unaniambia alikuwa anatoa maoni?"

Padri akala keki, kwa sababu mdomo uliojaa haujibu. Alipomeza akaja na mpango, na ilionekana wazi ni Majella aliyeupika. Wale watoto wangechukuliwa wote pamoja, kimyakimya, wiki ijayo, Katibu wa Waziri akishaondoka. Wangezikwa kwenye kona ya makaburi ya parokia. Sala fupi, hakuna tangazo wala majina.

"Tena ardhi iliyobarikiwa, Nonie. Si ndicho ulichokitaka?"

"Kona ipi?"

"Nyuma ya banda la mashine ya kukatia nyasi. Pametulia sana."

"Na kwa nini kimyakimya?"

"Kwa heshima ya familia."

"Familia yangu ndiyo mimi hapa. Sina aibu."

"Familia zote, Nonie," akasema Padri, na sauti ikapungua ulaini. "Kuna wazee wenzio mjini hapa. Usiwaumbue." Akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili.

Padri alipoondoka, Fintan alizunguka jikoni kama mbwa aliyefungiwa. "Mama, nakuomba. Usimwage mtama penye kuku wengi. Kesho ukumbi utajaa. Majella amehangaika mwaka mzima. Watu watasema tumelaza wageni juu ya makaburi."

"Si ndivyo mnavyotaka kufanya? Tena si kuwalaza tu. Mnataka kuwaweka chooni."

"Sikujua!"

"Tangu jana unajua," Nonie akasema, akaanza kuosha vikombe vya maua, akianza na cha Padri.

*

Alhamisi jioni ukumbi wa parokia ulijaa mpaka viti vikaazimwa kwenye baa. Tulivaa vizuri. Katibu wa Waziri, kijana mwenye soksi za rangi, aliketi mbele akiangalia simu. Majella, katika koti lake la rangi ya maziwa na utepe wa mwenyekiti kifuani, alitusomea ile hotuba. Alisema sisi ni watu ambao hatukuwahi kuwasahau wafu wetu. Tulipiga makofi, Mungu atusamehe.

Orlaith akapanda na kijiti chake, akaonyesha picha ukutani: ukuta, vigae, jeneza. Majella alikuwa amemwomba aishie hapo. Lakini wapole hawa msiwaamini sana. Picha iliyofuata ilikuwa ya kona ya kuanikia nguo, na vialama kumi na kimoja vidogo vimechomekwa udongoni.

"Hawa ni watoto wachanga," akasema. "Hawakubatizwa, kwa hiyo walizikwa huku. Wa mwisho kabisa huenda ana ndugu humu ukumbini."

Mngetuona! Wazee tulioshinda tukijisifia kumbukumbu, tunaojua nani alimuibia nani kondoo mwaka wa njaa, wote tulikuwa tunachunguza viatu vyetu. Mtu akakohoa. Majella akainuka haraka.

"Asante sana, Orlaith. Nadhani tungerudi kwenye vigae—"

"Mimi nina swali," Nonie akasema. Alikuwa amesimama safu ya nne, mkono juu ya kiti cha mbele, mkoba wake umening'inia. "Binti, nionyeshe kwenye ramani. Lile sanduku la siagi liko wapi?"

"Mama amechoka," Majella akamwambia Katibu wa Waziri.

"Sijachoka. Nionyeshe."

Orlaith akaweka ramani ya monasteri, mistari myeupe juu ya weusi, akainua kijiti. "Huu ni ukuta wa mashariki wa kanisa. Tuliupata wiki iliyopita. Hapa ndipo ilipokuwa altare kuu." Kijiti kikashuka kidogo, kikatulia. Akasita. "Na hapa ndipo lilipo sanduku. Hatua mbili kutoka altare, upande wa kulia."

"Hatua mbili."

"Mbili za kwangu. Za kwako labda tatu."

"Na yule bwana wa jeneza la jiwe?"

"Yeye yuko nyuma zaidi. Huku, karibu na mlango wa watawa."

"Alilipa nini kuzikwa humo?"

"Hati inasema vinu viwili na ng'ombe sitini."

"Ng'ombe sitini," Nonie akasema, "na bado yuko nyuma ya mwanangu."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha kichaa kama Majella alivyosimulia baadaye. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesubiri miaka sitini na moja kuona nani kapigwa bao. Halafu akasema alichotaka kusema, na hakupaza sauti.

"Nilijifungua Februari ya mwaka sitini na nne. Padri akasema hafai kwa ardhi yake. Festy akatoka naye asubuhi kabla ya kazi. Alitafuta mahali pabaya kuliko pote mjini, penye upupu na mikojo yenu, kwa sababu ndipo alipoambiwa panamfaa. Hakujua anamweka chini ya altare. Padri Gilhooly hakujua. Mtu aliyekuwa na funguo za mbingu hakujua kanisa lake lilisimama wapi!" Akageuka taratibu akatutazama, safu kwa safu. "Mimi nimeshasema wangu. Wamebaki kumi. Hao ni wa nani? Wameota kama uyoga?"

Mzee mmoja alifungua kifungo cha shati akakifunga tena. Bibi mmoja aliyewahi kujifungua wodi moja na Nonie alitafuta leso kwenye mkoba mpaka nikamwonea huruma, kisha nikaacha kumwonea. Mimi mwenyewe sikufungua kinywa, na nilikuwa na la kusema. Padri Loughnane akatangaza kwamba chai iko tayari. Tulikwenda kunywa, na mikate ya nyama iliisha yote.

Fintan alimfuata mama yake mlangoni, uso mwekundu. "Umetumaliza."

"Nyumba iko kwa jina langu, Fintan. Hakuna choo kitakachojengwa pale nikiwa hai, na wosia nitauandika Jumatatu. Mwambie Orlaith awafunike."

Walitembea hatua kadhaa. Mbele ya duka la nyama Fintan akasema, kwa sauti ambayo hajaitumia tangu utotoni, "Aliitwa nani?"

"Asiyebatizwa hakupewa jina."

"Najua. Aliitwa nani?"

Nonie hakumtazama. "Delia. Baba yako hakujua. Nilimpa mwenyewe nikiwa nalisha kuku."

Majella aliwafikia kwenye geti la nyumba, visigino vikigonga. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Katibu wa Waziri. Nonie akanyoosha kidole kwenye bustani ya mbele, penye maua yaliyopata nafasi ya pili.

"Lirudishe."

"Mama, sasa hivi? Na hili koti?"

"Ulilitoa bila kuuliza. Lirudishe."

Mtaa ulikuwa umeanza kujaa watu wanaotoka ukumbini, vinywa bado vina chai. Majella alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akachuchumaa kwenye maua yake, akaling'oa jiwe, likaja na udongo na mizizi na konokono mmoja. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Fintan akasogea kumsaidia.

"Mwache," Nonie akasema.

Akalibeba mwenyewe, mwenyekiti wa Kamati ya Monasteri, tumboni, kama wabebavyo mtoto, mpaka uani. Tope likateremka kwenye koti la maziwa na kwenye utepe. Sisi tulitazama mpaka mwisho. Kutazama tunajua sana.

*

Ijumaa asubuhi Orlaith alifika kabla ya wachimbaji wake, akasimama uani bila kushusha begi. Halafu akagonga dirisha la jikoni. Nonie akatoka na mkate mkononi, Fintan nyuma yake.

Kona nzima ilikuwa na mawe meupe. Mtu hakuonekana, mbwa hakubweka. Geti la uchochoroni halina kufuli, na njia ya kule wote tuliijua. Tulikuja kama baba zetu walivyokuja, mmoja mmoja, tukinyata, kila mtu akiomba asikutane na jirani. Hata majuto yetu hayawezi kupita mlango wa mbele. Mawe mengine yalikuwa ya mtoni, yenye majimaji bado. Moja lilikuwa na karatasi ya bei ya duka la maua, maana wapo watu ambao hata kwa hili hawakuona aibu kununua. Na moja, la mviringo, lililopakwa chokaa, lilitoka kwenye mstari wa mawe kando ya njia ya nyumba ya paroko. Usiku geti la nyumba hiyo hufungwa, na funguo anazo Padri.

"Waoga," Nonie akasema. Lakini akaendelea kutazama.

Orlaith alikuwa akihesabu kwa kidole. Akafika mwisho, akarudia kuanzia jiwe lililotoka kwenye bustani ya Majella. "Kumi na tisa," akasema. "Haiwezekani. Nimesafisha kona yote. Watoto ni kumi na mmoja."

"Umechimba kona tu, binti," Nonie akasema. "Wamekuhesabia na waliobaki."

Fintan akageuka taratibu, akautazama ua wake wote, zege ambalo halijaondolewa, mahali pa gari la wageni, banda la makaa, ngazi ya mlango aliyokanyaga tangu alipojifunza kutembea. Akainua mguu mmoja kutoka chini, akabaki ameushikilia hewani, hajui auweke wapi.